Asiyesikika Si Mfu

Ndugu msomaji, najua kurasa hizi zimezoea habari za mapenzi na za vijana waliokimbilia Dar es Salaam. Leo nakuomba unifuate Ipinda, wilayani Kyela, kwenye katapila lililogoma kazi shambani. Habari yangu ni ya nyaya mbili nyembamba, na ya kijana mmoja aliyepoteza kibarua kwa ajili yake.

Mimi nilimaliza kidato cha nne. Naandika riwaya ambayo haijavuka sura ya tatu, na mchana nabeba mkoba wa fundi umeme, mzee aliyeanzia kwenye malori. Kazi hiyo imenifundisha kusoma mambo ambayo hayamo kitabuni.

Makatapila mengi yanayochimba mifereji huku kwetu ni mitumba. Yametumika Japani au Ulaya, yakapanda meli, yakashuka bandarini Dar es Salaam, yakapandishwa huku juu ya matrela. Yanakuja na rangi mpya inayong'aa, ila historia yake inabaki huko yalikotoka. Lilizama kwenye tope gani, nani alikata waya gani, hakuna wa kumuuliza.

Zamani katapila lilikuwa chuma, dizeli na mafuta ya haidroliki. Likigoma, fundi anafungua, anaona palipovunjika. Siku hizi ndani yake mna kompyuta ndogo kadhaa, mafundi wanaziita kontrola. Moja ni ya injini, moja ya pampu za haidroliki, nyingine iko kwenye skrini mbele ya opereta. Hizi zinaongea mchana kutwa. Mkono ukikutana na udongo mgumu, ya pampu na ya injini lazima zielewane, la sivyo injini inazimika au mkono unalegea.

Lugha yao inaitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliitangaza mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Kabla ya hapo kila habari ilitaka waya wake, gari likajaa nyaya kama utumbo. CAN ikasema nyaya mbili zinatosha wote. Mwenye neno anangoja njia iwe kimya, anasema, wote wanasikia, na anayehusika anachukua lake. Nyaya hizo zimesokotwa pamoja kama kamba, wala si urembo. Kelele za umeme zikiingia zinazipata zote mbili kwa pamoja, na kontrola inaangalia tofauti ya volti kati yake tu, hivyo kelele inajifuta yenyewe. Kila mwisho wa njia kuna rezista ya omu 120, kuzuia ujumbe usigonge mwisho ukarudi kama mwangwi.

Basi, mwaka jana mwezi wa Novemba katapila la tajiri mmoja lilikuwa linafukua mfereji kwenye mashamba ya mpunga. Mfereji ulifika nusu. Asubuhi moja injini ikawaka vizuri, lakini mkono ukanyanyuka taratibu kama mgonjwa anayeinuka kitandani. Kwenye skrini kukatokea neno: hakuna mawasiliano na kontrola ya pampu.

Akaja fundi wa kwanza na kifaa chake cha kusomea. Akasoma, akatikisa kichwa. "Kontrola imekufa, bosi. Agiza nyingine." Bei aliyotaja inatosha kununua pikipiki.

Penye kifo pana muuaji, au siyo? Tajiri akauliza nani kaiua. Ikakumbukwa kwamba jana yake opereta aliosha mtambo kwa maji ya pampu. Kwisha! Opereta ni kijana wa hapa hapa, baba yake tunasalimiana naye kila siku. Akaambiwa mshahara wa mwezi umekwenda, na kesho asije.

"Bosi, mimi nimeosha tope. Huko kwenye kontrola sijafika," alisema.

Hakuna aliyemjibu. Wakulima nao walikuwa wanatazama mawingu juu ya Milima ya Livingstone, na mwenye mfereji nusu hana muda wa kusikiliza kesi.

Siku ya tatu tukaitwa sisi. Mzee wangu hakugusa kontrola. Alizima swichi kuu, akangoja kidogo, akachomeka mita kwenye soketi ya vipimo nyuma ya kiti.

"Inasoma ngapi, mwanangu?"

"Mia na ishirini, Mzee."

"Ilitakiwa ngapi?"

Hapo Fizikia ya shule ikanirudia. Rezista mbili za omu 120 zikikaa sambamba, jumla inakuwa nusu, yaani 60. Ukipata 60, ncha zote mbili zipo. Ukipata 120, ncha moja imepotea, njia imekatika mahali. Ukipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana.

"Sitini," nikasema. "Kuna mahali pamekatika."

"Kwa hiyo nani kafa?"

"Bado hatujui."

"Basi tusizike."

Tukaifuata njia kwa mikono, kutoka chini ya kabini hadi nyuma kwenye pampu. Karibu na mwisho nikagusa uvimbe uliofungwa utepe mweusi. Mzee akaufungua. Ndani mlikuwa na kiungo cha kunyonga kwa vidole, bila kulehemu, shaba imeota kutu ya kijani, na waya mmoja umeachana kabisa. Kisha akanionyesha juu ya utepe. Palikuwa na matone ya rangi ya manjano, ile ile ya bodi. Utepe ulikuwepo kabla mtambo haujapakwa rangi ya kuuzia! Waya ulikatwa na kuungwa kabla mtambo haujafika Kyela, na opereta wetu hakuwahi hata kuusogelea.

Tulikata sehemu mbovu, tukalehemu, tukasokota upya, tukaziba maji yasiingie. Mita ikasoma 60. Ufunguo ulipowashwa, waya mmoja ulikuwa juu kidogo ya volti 2.5, mwenzake chini kidogo, kama inavyotakiwa. Mkono ukanyanyuka kwa nguvu. Kontrola "iliyokufa" haikubadilishwa.

"Ndaga fijo," tajiri akamwambia Mzee, akamlipa. Nikauliza habari za mshahara wa opereta. Akasema atamtumia kwa simu.

Opereta alikuwa keshapanda gari kwenda Chunya, kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu. Nilimpigia jioni, nikamweleza yote. Nilidhani ataulizia pesa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Baba ameshaambiwa?"

Kesho yake nilichukua kile kipande cha waya chenye utepe na rangi, nikampelekea mzee wake nyumbani. Alikigeuza geuza mkononi, akaniomba kibaki kwake.

Msomaji, skrini ile haikusema uongo. Ilisema haisikii. Ni sisi tuliosikia "haisikiki" tukaandika "imekufa", kisha tukatafuta wa kumbebesha msiba. Kama wewe au ndugu yako atanunua mtambo wa mtumba, asidanganywe na rangi. Aende na fundi mwenye mita, apime njia kabla ya kutoa pesa, atafute utepe chini ya rangi. Na siku ya kuchomelea meno ya koleo, betri na kontrola zifunguliwe kwanza, maana umeme wa kuchomelea huziunguza.

Mimi nimenunua daftari la shule la kurasa 96. Nimeandika tarehe, vipimo, mahali waya ulipokuwa umekatika, na kwamba ulikatika kabla ya kuja kwetu. Mzee amelifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuliweka chini ya kiti cha opereta. Riwaya yangu bado iko sura ya tatu, lakini daftari lile lina msomaji tayari. Opereta mpya ameniambia analisoma wakati wa chakula, na juzi ameongeza mstari wake.