Amplifaya ilipokaa kimya jioni ya kuamkia chanjo

Ndugu wafugaji na wafanyabiashara, leo nawaandikia juu ya kifaa tunachokitegemea wengi: amplifaya ya volti 12 tunayofunga kwenye pikipiki, mimi kwa matangazo ya chanjo, ninyi kwa kuuza dagaa, sabuni na mitumba.

Chanjo ya kideri hutolewa alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa. Wakishatoka bandani, humkamati tena jogoo wa kienyeji. Kwa hiyo tangazo ni lazima lipite jioni yake. Jioni hiyo niliwasha, spika ikakaa kimya. Hakuna hata mvumo. Nilipita nyumba kwa nyumba hadi giza likanikuta kwenye kitongoji cha pili kati ya vinne. Asubuhi walikuja watu wachache, na chupa ya chanjo ikishafunguliwa haingoji wiki ijayo. Baadaye mama mmoja wa kitongoji nisichofika alinionyesha banda tupu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Fundi wa kwanza aliangalia dakika mbili akasema, "IC imekufa." Nikalipa shilingi 15,000 akabadilisha. Bado kimya. Akasema basi na transfoma nayo imekufa, wakati amplifaya ya betri kama yangu haina transfoma! Nikachukua mzigo wangu nikaondoka.

Fundi wa pili, kijana, hakushika pasi ya risasi kwanza. Alishika mita. IC yangu ni TDA7377, ya redio za magari, ina miguu 15. Akanieleza kwamba si miguu yote inayobeba umeme mkubwa au sauti. Mguu wa 7 ni wa amri: ndio unaoiambia IC iamke au ilale. Ukipata chini ya volti 1.5, IC inalala hata kama betri imejaa. Ukivuka volti 3.5, inaamka. Alipopima miguu ya umeme, wa 3 na wa 13, akakuta volti 12 kamili. Mguu wa 7, sifuri. Resista inayoupelekea umeme mguu huo ilikuwa imeachia risasi, nadhani kwa mtikisiko wa barabara yetu mnayoijua. Tone moja la risasi, sauti ikarudi. IC yangu ya zamani ilikuwa nzima kabisa, nami nilikuwa nimeiacha kwa yule wa kwanza.

Kwenye mguu huohuo kuna kapasita ndogo. Kazi yake ni kuifanya IC iamke polepole, isipige ule mshindo wa "tuh!" kwenye spika unapowasha. Kama yako inapiga mshindo, mwambie fundi aitazame hapo.

Halafu nikauliza mguu wa 10 ni wa nini, maana ulikuwa haujaunganishwa na kitu. Kijana akacheka. Huo, alisema, ndio unaotoa taarifa, na mafundi wengi wanauacha hewani. IC ikiwa na shida huuvuta mguu huo chini, kwenye hasi. Akaniwekea taa ndogo ya LED: upande chanya kwenye volti 12 kupitia resista ya kilo-omu 10, upande hasi kwenye mguu wa 10. Resista isiwe ndogo zaidi, mguu huo haukuumbwa kubeba mzigo. Taa inawaka hafifu, lakini inaonekana.

Sasa taa ikipepesa kwa kufuata maneno yangu, najua nimefungulia sauti kupita uwezo, au betri imeshuka, na sauti inakatwa vichwa. Napunguza. Mnaounguza spika kila msimu wa mnada, sauti ya namna hiyo ni mojawapo ya sababu. Ikiwaka moja kwa moja, nazima na kukagua waya za spika: pengine zimegusana, au mmoja umegusa bodi ya pikipiki. Kwenye amplifaya kama yangu, waya wa spika haugusi bodi kamwe, wala ule mnaouita hasi. Ikiwaka baada ya saa nzima ya kutangaza juani, nashika bati la kupozea. Mara nyingi ni joto, basi napumzika chini ya mwembe.

IC nyingine zina namba tofauti za miguu, msiende na namba zangu kwa fundi bila kusoma maandishi yaliyo mgongoni mwa IC yenu. Lakini mwambieni apime mguu wa amri kabla hajang'oa chochote.

Chanjo inayofuata nitatangaza kuanzia saa kumi jioni, na nitaanza na vile vitongoji viwili nilivyovikosa.