Mto Souris Katikati ya Miraba

Kaskazini mwa North Dakota, barabara za mashambani hukatana karibu kila maili moja. Sheria ya upimaji ya mwaka 1785 ndiyo iliyoanzisha mtindo wa kuigawa ardhi ya Marekani kwa miraba ya ekari 640. Mwaka 1862 walowezi wakaruhusiwa kuchukua robo mraba, yaani ekari 160. Unapita ngano, kanola, alizeti, kisha ngano tena, hata usukani huugeuzi. Ghafla changarawe inaishia kwenye matete.

Mto Souris haufuati mraba wowote. Unaanzia Saskatchewan, unaingia Marekani, unapinda na kurudi Kanada upande wa Manitoba. Mwaka 1935 serikali ilitenga hifadhi za ndege kandokando yake, na mbili kati ya hizo ni Upper Souris, upande wa juu, na J. Clark Salyer, upande wa chini.

Huko juu utaona Lake Darling, ziwa refu lililotokana na bwawa. Ni pazuri, lakini kazi yake kubwa ni kuhifadhi maji ya kuwafaa ndege wa huko chini miaka ya ukame. Mimi moyo wangu ulibaki chini. J. Clark Salyer ina zaidi ya ekari 58,000, na maji yake yametandazwa kwenye vinamasi vitano visivyo na kina. Kibisi mmoja alipita karibu nami, shingo nyeupe, jicho jekundu, na katikati ya manyoya ya mgongo wake kikachomoza kichwa cha kinda.

Vinamasi hivyo viliwahi kukaushwa kwa mifereji ili palimwe. Vijana waliopewa ajira na serikali miaka ya 1930 ndio waliojenga mabwawa ya kuyarudisha maji. Mpaka leo watumishi huyapandisha na kuyashusha, maana kinamasi kisipokauka mara mojamoja, mimea wanayoila bata hupungua.

Ila bata hawaishii kwenye mpaka wa hifadhi. Wengi huzaliana kwenye vidimbwi vya mashambani, na mfereji mmoja tu hulimaliza dimbwi. Ndiyo maana naithamini sana stempu ya bata, ambayo wawindaji wamekuwa wakiinunua tangu 1934: sehemu ya fedha zake hulipwa wakulima wanaokubali kutovikausha vidimbwi hivyo kamwe, hata shamba likiuzwa.