Baba Mdogo na Meli Iliyopakwa Girisi

Nyumbani kwetu Kirumba, miaka ya themanini, habari ya meli kuzama ilikuwa hadithi tamu. Msimulizi alikuwa baba mdogo, fundi mitambo wa meli aliyekuwa akifanya kazi Bandari ya Kusini hapa Mwanza. Kabla ya hapo alikaa Kigoma, na huko ndiko alikojuana na meli ya Liemba.

Sisi watoto tulijua hadithi yake inavyoanza. Mwaka 1913 Wajerumani waliiunda meli hiyo mjini Papenburg, wakaipa jina la Graf von Götzen, aliyewahi kuwa gavana wao huku. Kisha wakaifungua vipande, wakaipakia katika makasha yapatayo 5,000, yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Iliposhushwa majini mwaka 1915, vita ilishapamba moto. Ikafungwa mzinga wa manowari Königsberg, ile iliyoishia kwenye delta ya Rufiji. Mzinga huo baadaye ulihitajika nchi kavu, ukang'olewa, pakawekwa wa bandia. Hapo tulikuwa tunacheka hadi mama anatukemea.

Juni 1916 ndege za Wabelgiji zilivuka kutoka upande wa Kongo zikaidondoshea mabomu bandarini Kigoma. Marubani walirudi wakisema wameipata, lakini meli haikuzama kwa mabomu. Mwezi uliofuata ulikuwa mbaya zaidi kwa Wajerumani: Mwanza yetu ilitwaliwa na Waingereza, na Kigoma nayo ikawa haishikiki tena. Ndipo ikatoka amri ya kuizamisha wenyewe.

Sehemu hii baba mdogo aliisimulia kwa vidole. Alikuwa na mikono ambayo sabuni haikuiweza, weusi wa girisi umeingia hadi kwenye mizizi ya kucha, na alitusugulia hewani jinsi mafundi walivyoipaka injini, kila kiungo na kila nati. "Usiache hata sehemu ya kupita unywele," alikuwa akisema, kana kwamba kazi hiyo tutaifanya sisi kesho. Wakaijaza mchanga, na tarehe 26 Julai wakaizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi. Walitaka kuirudia. Hawakurudi. Wabelgiji waliiopoa, dhoruba ikaizamisha tena, na mwaka 1924 Waingereza wakaitoa. Injini na boila zikakutwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Hadithi hiyo ilikoma nyumbani tarehe 21 Mei 1996.

MV Bukoba ilikuwa inakuja Mwanza, ikapinduka ikiwa imeshakaribia. Iliruhusiwa kubeba watu 430, ikabeba wengi kupita kiasi, na zaidi ya 800 wakafa. Kwa saa kadhaa ilielea kifudifudi, walio hai wakigonga bati kutoka ndani. Ilipotobolewa ili watolewe, ikazama nao. Mtaani kila mtu aliuliza imekuwaje. Baba mdogo alijibu neno moja tu, "Hewa," akaingia ndani. Hewa iliyokuwa imenasa humo ndiyo iliyokuwa ikiwaweka hai na kuibeba meli yenyewe. Tulizika Igoma. Wengine ziwa halikuwarudisha, na ndugu zao mpaka leo wanapita Capri Point wakiangalia maji.

Hakuitaja Liemba tena kwa miaka mingi, wala sisi hatukuthubutu kumwomba.

Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikikaribia Ukara. Kilikuwa cha watu 101, na waliokufa wakapita 220. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja akiwa hai, ndani ya kivuko kilichogeuka juu chini. Baba mdogo alikuwa ameshastaafu. Redio ilipotangaza, alinyanyuka akatueleza kwa muda mrefu, akichora kwa fimbo uani, mahali hewa inapojificha meli ikilala kifudifudi na kwa nini mtu asitoboe kwa pupa. Maneno ya miaka ishirini na zaidi yalimtoka siku hiyo.

Tangu hapo anaisimulia tena Liemba, sasa kwa wajukuu, ila si ile niliyoijua mimi. Girisi anaipitia haraka. Anachokazania ni kwamba siku ile Malagarasi hapakuwa na mtu ndani: waliwashusha wote kwanza, ndipo wakafungua maji. Mimi nilisikia hadithi hii mara nyingi mno bila jambo hilo kunigusa. Tulikuwa tunaishangilia injini.

Nilipompa habari kwamba mkataba wa kuikarabati Liemba umesainiwa, nilidhani ataniuliza inafungwa injini gani. Aliuliza itaruhusiwa abiria wangapi, maboya yatakuwa mangapi, na nani atasimama mlangoni kuhesabu.