Herufi na Mlio wa Kihaya

Mtu wa Buganguzi amwitapo mwenzake kutoka ng'ambo ya shamba la migomba, mara nyingi maneno hupotea njiani lakini mlio hufika. Aitwaye hulitambua jina lake kwa jinsi lipandavyo na kushuka. Kihaya ni lugha ya toni.

Jina hilo hilo liandikwapo katika daftari la mahudhurio hupoteza vilima na mabonde yake. Mwalimu mgeni hulisoma kwa desturi ya Kiswahili, akitia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto huzoea kuitikia jina ambalo bibi yake hakumpa. Wajukuu wangu, waliozaliwa Dar es Salaam, hulitamka jina la ukoo wetu kwa namna hiyo. Mimi silioni kuwa jambo dogo.

Maandishi ni picha ya usemi, lakini mchoraji huchagua la kuonyesha na la kuacha. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, aliona kwamba hati ya Kiarabu haikuzitosha sauti za Kiswahili, akabuni alama za kuzitenganisha. Katika hati ya Kilatini, kialama kidogo tu humtenga ng'ombe na ngoma. Hata hivyo, barabara ipitayo magari na barabara yenye maana ya sawasawa huandikwa mamoja, ingawa ya kwanza tunaikazia ba-ra-BA-ra, na ya pili ba-RA-ba-ra.

Jirani zetu Waganda walikutana mwaka 1947 wakakubaliana kuandika irabu ndefu kwa herufi mbili. Kwa hiyo kwao kusiba ni kufunga kwa kamba, na kusiiba ni kushinda kutwa, au kufunga saumu. Kwetu sisi kila mkono hufuata mazoea yake: huyu Rwegasira, yule Lwegasira, na huenda ni watu wa ukoo mmoja! Ama toni, wataalamu huionyesha kwa mkwaju mdogo juu ya irabu. Mkwaju huo haukuwamo katika taipureta nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, wala barua za nyumbani hazikuuhitaji, kwa kuwa msomaji alikuwa na mlio kichwani tayari. Msomaji wa leo hana.

Sisemi kwamba kila ukurasa ujazwe mikwaju; macho yatachoka. Majina ya watu na ya mahali yangetosha kwa kuanzia. Nilipokuwa nikifundisha, nilichora ubaoni mstari chini ya jina, ukipanda na kushuka kama njia ya kilimani, na pale irabu ilipokuwa ndefu niliirefusha herufi yenyewe. Watoto walicheka, kisha wakasoma vizuri.

Baadaye niliwatuma wakawasikilize wazee na kuchora walichosikia. Wawili walirudi na michoro isiyofanana ya jina moja, wakaanza kubishana. Nilipowauliza, ilionekana kwamba bibi wa kwanza alilitaja jina peke yake, na wa pili alilitaja katikati ya sentensi, na katika Kihaya toni ya neno huweza kubadilika lifuatwapo na neno jingine. Wote wawili walikuwa wamesikia sawasawa. Tuliiacha michoro yote miwili ubaoni.