Moshi wa Gari la Nyamira

Tangu mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Subaru Impreza, nilibaki na hamu ya gari la namna hiyo. Miaka mingi baadaye nilisikia kuna moja la mwaka 1998 linauzwa Nyamira, kwa mzee aliyestaafu ualimu. Kuagiza jingine Japani hakukuwezekana, kwani sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8.

Nikafunga safari kutoka Mombasa pamoja na fundi wangu. Tulilikuta kando ya shamba la chai, limetunzwa vyema. Lilipowashwa, likatoa moshi wa buluu. Fundi akatikisa kichwa, akasema kwa sauti: "Hii injini imekwisha."

Nilijua, kama alivyojua yeye, kwamba injini ni nzima. Ni turbo tu iliyochakaa kwa umri, ikivujisha mafuta. Nikanyamaza. Mzee, aliyekuwa akitafuta karo ya bintiye, akapunguza shilingi 90,000. Tukapeana mikono.

Vilima vile vimepita mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na magari mengi huhema yakipanda. Lakini turbo huzungushwa na moshi utokao injinini, nayo huishindilia hewa ndani kwa nguvu. Tulipoelekea Keroka, gari likapanda mlima kana kwamba linateremka. Fundi akacheka. Mimi sikuweza: kila nguvu niliyoihisi chini ya mguu ilikuwa ushahidi kwamba tumemdhulumu mtu.

Keroka nikasimama, nikampigia simu. "Shikamoo, mzee. Injini yako ilikuwa nzima. Hukustahili kupunguza bei."

Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Mbona hukuniambia ulipokuwa kwangu?"

Sikuwa na jibu. Nikamtumia zile 90,000 kwa M-Pesa, nazo ndizo nilizokuwa nimeweka akiba ya kununulia turbo nyingine.

Basi gari lingali linatoa moshi, na majirani wananung'unika. Juzi mwanangu aliniuliza nitalitengeneza lini. Nikamketisha, nikamsimulia kisa chote, wala sikuruka pale niliponyamaza. Pesa za mzee nilizirudisha siku ile ile. Swali lake ningali nalo.