Komeo la Bafu

Mwenye nyumba humkaribisha mgeni ukumbini, na pengine hata jikoni. Lakini bafu huonyeshwa kwa kidole tu, na mgeni huliendea peke yake. Kwa sababu hiyo ni chumba ambacho aghalabu hujengwa bila ya kufikiriwa sana. Nimekaa katika nyumba yangu ya Dar es Salaam miaka 11, wala sikupata kulitazama bafu lake kwa makini mpaka siku niliyorudi kutoka hospitali kwa magongo mawili, na kiungo kipya cha nyonga katika mguu wa kushoto.

Kichwa cha mfupa wangu wa paja kilikuwa kimekufa kwa kukosa damu. Ufundi wa kubadili kiungo hicho si mgeni duniani: mpasuaji Mwingereza, John Charnley, alianza mwaka 1962 kutumia kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, na wapasuaji wa leo wangali wakifuata njia hiyo. Lakini ufundi huo una masharti. Mpaka nyama zilizokatwa zishikane, kichwa chaweza kuchomoka kikombeni. Basi nilikatazwa mambo matatu kwa muda wa wiki 12: nisikunje nyonga kupita pembe ya nyuzi 90, nisipishanishe miguu, nisiugeuze mguu kwa ndani. Niliyasikiliza makatazo hayo kitandani kama mtu asikilizaye sheria za nchi ya mbali. Neno kuchuchumaa halikutajwa, wala mimi sikuuliza.

Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa, ndani ya bafu lile lile. Maji ya kuoga hukaa katika ndoo iliyo chini, na mwenye kuoga huinama kuchota kwa kopo, au huketi juu ya kigoda kifupi. Kila tendo la chumba kile, ambalo mtoto mdogo hulitenda bila ya mafunzo, lilikuwa haramu kwangu. Sakafu ilipigwa niru ikang'aa, nami nilipojenga niliusifu mng'ao ule mbele ya fundi. Niru ikipata maji na povu la sabuni haishiki unyayo wala raba ya gongo. Mlango nao ulifunguka kwa ndani, maana yake mtu akianguka nyuma yake, mwili wake mwenyewe huwa kabari ya kuwazuia wanaokuja kumwokoa.

Haya nayaeleza leo kwa utulivu. Siku ya tatu ya kurudi kwangu sikuwa nimefikiri hata moja kati yake. Mke wangu hufanya kazi mjini na hurudi jioni. Aliyeshinda nami mchana ni mama mkwe, aliyetoka Tanga kuja kunitazama. Msomaji aliyelelewa pwani anajua pazia lililopo kati ya mume na mama wa mkewe. Ugonjwa haulitoi mahali pake. Alinipikia uji, akaniombea dua, akanipangia dawa kwa saa zake. Lakini kila aliposikia magongo yangu yakielekea bafuni, aliinuka ukumbini akaenda uani. Nami niliingia nikatia komeo.

Nilikuwa nimejitungia hila. Nitaketi juu ya kigoda, nimenyosha mguu wa kushoto mbele, nioge kama watu. Kushuka kulikuwa rahisi, maana ardhi humsaidia kila anayeshuka. Kuinuka hakukuwezekana. Hapakuwa na kitu cha kushika ila kifito cha kutundikia taulo; nilikivuta kikatoka ukutani pamoja na plasta yake. Magongo yaliteleza yakalala mbali nami. Nikabaki pale uchi, sabuni mwilini, naogopa kujigeuza nisije nikausikia mfupa ukichomoka. Mimi nina shahada ya uzamivu, na wanafunzi wangu hupenda kunitania kwa neno hilo. Siku ile mzamivu alikwama mbele ya ndoo moja ya maji.

Baada ya muda nilisikia sauti nyuma ya mlango.

"Mwanangu, u mzima?"

"Mzima, mama."

"Mbona maji siyasikii tena?"

Nikanyamaza. Sina budi kukiri kwamba kwa dakika kadhaa niliona afadhali kuvunjika kuliko kuonekana.

Hakuuliza mara ya pili. Nilisikia ndara zake zikienda, kisha zikirudi, na juu ya mlango, palipoachwa nafasi ya hewa, ikapita kanga ikaniangukia begani. "Jifunge hiyo," akasema. "Nimemwita kijana wa jirani. Mimi niko uani." Kijana alisukuma mlango kwa bega mpaka skrubu za komeo zikang'oka, akanishika chini ya makwapa akaniinua, mguu umenyooka kama nilivyomwelekeza.

Kesho yake alikuja fundi. Alichimbua niru kwa tindo mpaka sakafu ikawa na makwaruzo. Alifunga mabomba mawili ya chuma ya inchi 1¼, moja wima karibu na mlango na la pili ubavuni mwa choo. Boliti zake zilipenya ukuta mpaka upande wa pili zikakazwa kwa nati, kwa kuwa kifito cha taulo kilikwisha kutufundisha. Aligeuza bawaba, mlango ukafunguka kwa nje. Alijenga kibaraza cha tofali ili ndoo ikae kimo cha kifua changu nikiwa nimeketi. Mama mkwe alileta kata ya kifuu yenye mpini mrefu, akafunga dodoki katika ufito ili niifikie miguu bila ya kuinama. Mchomeleaji akatengeneza kiti cha chuma chenye tundu, kirefu kupita goti langu kidogo, kikasimamishwa juu ya choo. Darasani hufundisha kwamba kutawaza kuna maana mbili zisizojuana: kumpa mfalme kiti chake, na kumwosha mtoto atokapo haja. Mke wangu alipokiona kiti kile alisema, "Bwana umetawazwa," na maana zile mbili zikasalimiana.

Likabaki komeo. Fundi alikuwa nalo jipya mfukoni. Mama mkwe alimwambia asilitie. Mimi nikasema litiwe, kwani mlango usio na komeo si mlango wa bafu. Hakubishana nami. Alipigilia msumari kwa nje, akasema kanga ile ikiwa juu ya msumari, chumbani mna mtu, na hakuna atakayegusa mlango. Naye aliye ndani akinyamaza kupita kiasi, ataitwa mara moja tu.

Wiki 12 zilikwisha, magongo nikayarudisha. Kiti kipo bado, na mabomba yapo. Mwezi wa Ramadhani mama mkwe alitutembelea tena, magoti yanamsumbua, na alasiri moja nilisikia ndara zake zikielekea bafuni polepole. Kanga ikatundikwa. Nikainuka ukumbini nikaenda uani, nikawa nasikiliza maji.