Mtaa wa Vipuri vya Redio

Tokyo ni mji mkuu wa Japani. Ndani yake kuna mtaa uitwao Akihabara. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, watu walikuja hapa kuuza vipuri vya redio barabarani. Mwaka 1949 wenye mamlaka waliwaondoa barabarani. Wakahamia chini ya daraja la reli. Hata leo vibanda vidogo vipo. Treni hupita juu, biashara huendelea chini.

Ndugu msomaji, vibanda hivyo huuza swichi, waya na kapasita. Kapasita ni chombo kidogo kinachotunza umeme kwa muda. Wapo watu wanaopenda gramafoni za umeme za zamani. Kapasita zake nyingine zikizeeka hukauka. Hapo spika huanza kunguruma. Fundi akiweka kapasita mpya, santuri huimba vizuri tena.

Lakini jihadhari! Kapasita kubwa huweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Umeme huo huweza kuua. Usifungue chombo mwenyewe. Mpelekee fundi.

Chombo kikuukuu si takataka. Mara nyingi kipuri kimoja kidogo hukifufua.